Gambo la Bibi Ozelia

Chuoni, 6 Septemba 2023

Bibi mpenzi,

Kaa chini kwanza, ndipo usome. Umekaa? Haya.

Nimepata mkataba! Si unajua sheria imebadilika, siku hizi mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa jina lake na sura yake. Yule kijana wetu anayerusha mpira amepewa gari lenye viti vinavyopasha makalio joto, hapa hapa Louisiana, kwenye joto la mwezi wa nane. Mwogeleaji mmoja anatangaza mafuta ya nywele na kichwa chake ni kama yai. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, maana kwenye futiboli hii ya Kimarekani kazi yangu ni kusukumana na majitu ili mrusha mpira asiguswe, na nani atanunua kitu kwa ajili ya msukumanaji? Lakini nimepata wakala, Tripp Landreneau, naye amenitafutia kampuni ya pilipili ya chupa inayoitwa Mdomo wa Mamba. Picha yangu iko kwenye chupa. Nimekunja mikono, nimenuna kama mtu aliyenyimwa urithi.

Friji mpya inakuja Jumamosi. Usiwafukuze wanaoileta.

Kwenye tangazo nimekutaja kidogo. Mazuri matupu. Huna haja ya kuhangaika kulitazama.

Mjukuu wako,
Ledell


Pont Breuil, 12 Septemba

Ledell,

Barua imefika. Umefanya vizuri kuandika. Kwenye simu wewe ni "sawa Bibi, sawa Bibi," lakini karatasi haijai kwa sawa Bibi.

Friji nayo imefika. Inaongea. Nikiacha mlango wazi inanililia kama mbuzi. Nimeiwekea soda na betri za tochi, maana sina kingine cha kuweka. Enzi za babu yako, mchezaji akipewa mkate wa bure na mwenye duka anafungiwa msimu mzima. Leo mnapewa friji. Haya, dunia imegeuka, na mimi sijakataa.

Ila nieleze jambo. Jumapili baada ya misa Padri Anselm kanishika mkono kaniambia, "Bi Ozelia, kumbe ulikuwa unatuficha!" Nikadhani amegundua ninavyocheza kamari ya bingo. Kisha dukani, mwanamke nisiyemjua kanikumbatia mbele ya kabati la nyama, analia, anasema gambo langu limemkumbusha mama yake. Gambo langu lipi? Mara ya mwisho nilipojaribu kupika mchuzi huo mzito walikuja zimamoto. Mmoja wao alionja kwa adabu, akaenda kukaa ndani ya gari lao.

Na Verlie, jirani yetu aliyekulisha tangu una meno mawili, jana kanipita uani kama mtu anayepita mti.

Ulisema nini kwenye hilo tangazo?

Bibi yako,
Ozelia Guillory


Chuoni, 17 Septemba

Bibi,

Naomba uendelee kukaa.

Ilikuwa hivi. Tripp aliniuliza, "Hadithi yako ni ipi? Nani amekufanya ukawa hivi ulivyo?" Nikamjibu ukweli: bibi yangu. Macho yakamng'aa. "Anapika?" Nikasita. Bibi, nakuapia nilisita. Akasema, "Bibi wa Louisiana asiyepika hawezi kuuza hata chumvi." Kabla sijameza mate kamera iko usoni, na mimi nasema ulikuwa ukiamka alfajiri kunipikia gambo, unakoroga huku unaimba, na siri yako ni matone saba ya Mdomo wa Mamba.

Kuimba nilikuongezea mwenyewe.

Sasa video imetazamwa na watu wengi kuliko wanaoishi katika jimbo letu. Kampuni imefurahi, na tarehe kumi na mbili Oktoba inataka kuja kwako kukupiga picha ukipika. Mkataba unasema hadithi ikionekana ya uongo, wanauvunja. Tripp anasema nikivunjiwa mkataba wa kwanza, hakuna kampuni nyingine itakayonigusa.

Bibi, nisitiri. Ni sufuria moja tu.

Ledell wako


Pont Breuil, 21 Septemba

Ledell Augustin Guillory,

Alfajiri nilikuwa naimba? Alfajiri nilikuwa nyuma ya usukani wa basi la shule, napigia watoto wa watu kelele wakae chini! Na wewe ulikuwa kiti cha mbele, unasinzia, kifua kimejaa makombo ya biskuti za pakiti, maana hicho ndicho nilichokuwa nakupa. Biskuti na supu ya kopo. Sijawahi kukuficha hilo wala kumficha mtu.

Gambo ulilokula ni la Verlie. Mtaa mzima unajua, hata paka wanajua. Mama yako alipofariki sikuweza kuchemsha maji. Verlie aliingia na sufuria, akaiweka juu ya jiko langu, akatoka bila kusema neno. Kesho yake akarudi. Akaendelea kurudi mpaka ukaenda chuo. Hiyo ndiyo sufuria uliyoibandika jina langu ukaiuza.

Mpwa wake kamwonyesha hiyo video kwenye simu. Tangu siku hiyo pazia lake limefungwa.

Na kuna swali, nalo nakuuliza mara moja tu. Unaona haya kwamba bibi yako alikuwa dereva?

Nitakusitiri, kwa sababu wewe ni damu yangu na kwa sababu friji nimeshaizoea. Lakini kwanza mwandikie Verlie. Uandike kama mtu.

Bibi yako


Chuoni, 25 Septemba

Bi Verlie mpenzi,

Natumaini u mzima, na kwamba magoti yanaendelea vyema. Naandika kuhusu kutoelewana kudogo kulikojitokeza kati ya umma na gambo. Katika mazingira ya biashara ya sasa, si ajabu mchango wa wadau mbalimbali usitajwe wote kwa wakati mmoja. Mchango wako ninauthamini sana.

Kama ishara ya nia njema, pokea katoni moja ya Mdomo wa Mamba bila malipo, pamoja na punguzo la asilimia kumi kwa katoni zote utakazonunua baadaye.

Wako katika mafanikio,
Ledell Guillory

(Tripp amenisaidia lugha.)


Pont Breuil, 29 Septemba

Bwana Guillory,

Katoni yako nimeipokea na ninairudisha. Pungufu ni chupa moja, niliyoifungua kwa kuwa sihukumu kitu bila kukionja. Ni siki iliyotiwa rangi. Nimesugulia sinki, na kwa kazi hiyo naisifu.

Magoti yangu hayakuhusu.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiingia jikoni kwangu na kiatu kimoja, unauliza, "Verlie, leo kuna nini?" Hukuwa ukisema Bi. Sikukukemea, maana mtoto mwenye njaa hadaiwi adabu. Leo umekuwa jitu, umejifunza kuniita Bi, na umeniweka kwenye kundi la wadau.

Kuhusu punguzo la asilimia kumi, ninalo la kusema, ila posta hawapokei maneno ya aina hiyo.

V. Fontenette


Lafayette, 3 Oktoba

Kwa Mheshimiwa Bibi Ozelia Guillory,

Mimi ni Tripp, wakala wa Ledell, na najiona kama mjukuu wako wa pili.

Machache kuhusu siku yetu kubwa. Tafadhali uvae aproni ya maua. Iliyochakaa ndiyo bora. Kama huna, tutakuja nayo ikiwa imechakazwa tayari. Ukifika kwenye neno "upendo", nyamaza kidogo utazame dirishani. Chozi si lazima, ila litapokelewa kwa shukrani. Kuhusu wimbo, chagua wowote ambao mtunzi wake alishakufa zamani, kwa sababu za kisheria.

Naomba pia usitaje basi. Tumefanya utafiti. Basi halimtii mtu hamu ya kula.

Kwa upendo mwingi,
Tripp Landreneau


Pont Breuil, 8 Oktoba

Ledell,

Wiki hii nimepika kuliko nilivyopika maisha yangu yote. Padri kanipa maelekezo aliyoyakata gazetini. Inasemekana unga ukikaangwa kwenye mafuta unapanda taratibu mpaka unakuwa rangi ya chokoleti. Wangu hautaki safari ndefu. Unatoka rangi ya mchanga, unafika rangi ya tairi, katikati haupiti popote. Gambo la jana nilimpelekea mbwa wa akina Fusilier. Alilitazama, akanitazama, akakaa kitako kama anayesubiri maelezo.

Nilikwenda kwa Verlie. Sikwenda kumwomba kitu, nilikwenda kumrudishia bakuli lake. Nikagonga. Pazia likacheza, mlango haukufunguka. Bakuli nimeliacha barazani.

Swali langu hujalijibu. Wakala wako naye kaniandikia nisitaje basi.

Basi, nimeelewa.

Ozelia Guillory


Pont Breuil, 13 Oktoba

Ledell,

Najua mlikuwa safarini na timu, na najua kuna watu wameshakusimulia. Sasa sikia kwa aliyekuwepo.

Walikuja na taa za kutosha kutua ndege. Bosi wao ni mama mmoja, Bi Hollis, mwembamba, mpole, anaandika kila kitu. Tripp alinifunga hiyo aproni iliyochakazwa. Ina tundu la sigara, na sigara sijawahi kuvuta. Nikawasha jiko, nikatia mafuta, nikatia unga, nikaanza kukoroga na kusema yale maneno. Nikafika kwenye upendo. Nikanyamaza, nikatazama dirishani.

Nikakutana uso kwa uso na Verlie, amesimama uani kwake, pua juu.

"Ozelia! Unga unaungua!"

"Najua!"

"Kama unajua mbona hukorogi?"

"Nimeambiwa nitazame dirishani!"

"Na nani?"

"Na huyu mjukuu wangu wa pili!"

Sikumwona akija. Nilichosikia ni mlango wa nyuma, halafu yuko hapo, na ndara zake na mwiko wake mwenyewe. Kanisukuma na nyonga, sufuria kaimwaga nje kwenye majani, kaanza upya. Tripp akasema, "Mama, samahani, uko ndani ya picha." Verlie akasema, "Kijana, shika kitunguu." Na kwa jinsi alivyosema, kijana akashika. Akapewa na kisu.

Bi Hollis akauliza kwa upole, "Huyu ni nani?"

Ledell, hapo ndipo pangekuwa pa kukusitiri. Ningesema ni msaidizi wangu, ningesema ni jirani mwenye kiherehere, kamera zingegeuka, wewe ungebaki kwenye chupa yako. Verlie alikuwa amenipa mgongo, anakoroga, lakini mwiko ulikuwa umesimama. Alikuwa anasikiliza atakavyoitwa.

Nikasema, "Huyu ndiye aliyemlisha. Mimi nilikuwa dereva wa basi la shule. Kupika sijui na sijawahi kujua. Mtoto kadanganya, na kadanganya ovyo, maana hata kuimba siwezi."

Chozi walilolitaka likaja, ila lilimtoka Tripp, na vilikuwa vitunguu.

Verlie akauliza, "Na hayo matone saba?" Wakampa chupa. Akaimimina sinki mbele ya kamera, akasugua. Sinki ikang'aa kweli. Mshika kamera alicheka mpaka picha ikawa inatikisika.

Hakuna aliyeondoka kabla gambo halijaiva. Bi Hollis alikula sahani mbili bila kuinua kichwa, kisha akasema wanasheria wataandika.

Walipokwisha kwenda, Verlie akasema, "Hukuniomba."

"Nilikuja na bakuli."

"Bakuli si ombi, Ozelia."

"Haya, sasa naomba."

"Unaomba nini?"

"Wali, uongeze kidogo."

Akaongeza.

Nimekuvunjia mkataba, mjukuu wangu. Friji nimeifuta ndani na nje. Wakija kuichukua wataikuta safi.

Bibi yako


Chuoni, 18 Oktoba

Bibi,

Friji ni yako, imelipiwa, hakuna anayekuja. Rudisha betri zako ndani.

Mkataba umekufa, ndiyo. Wamenitoa kwenye chupa, mahali pangu wameweka mamba. Tripp ananisalimia kwa mbali, sasa anamwakilisha msichana mmoja wa gofu. Na mshika kamera ameiachia ile video, kwa hiyo nikiingia bafu la timu wenzangu wote wanaanza kuimba na kukoroga hewa. Jitu la kilo mia moja na hamsini linanipigia kelele, "Mjukuu, unga unaungua!" Mpaka kocha mkuu. Nimevumilia.

Swali lako. Nimelikimbia mwezi mzima, na leo nalijibu. Tripp aliponiuliza kuhusu wewe, kitu cha kwanza nilichomtajia ni basi. Akacheka. Na mimi nikacheka naye, Bibi. Ndiyo sababu kalamu ilikuwa ngumu. Dereva sikumwonea haya hata siku moja. Haya nakionea kile kicheko.

Jumatatu kocha wetu wa mstari wa mbele alisimamisha mazoezi akaniuliza nilijifunzia wapi kusukuma chini namna ile, mgongo bapa, miguu haisimami. Mwanzoni nilitaka kumwambia ni kambi fulani ya vijana. Nikamwambia ukweli: nyuma ya basi la shule likikwama kwenye tope la barabara ya Coulee, kila mvua ikinyesha, bibi yangu katoa kichwa dirishani anafoka, "Chini, Ledell! Chini zaidi! Sukuma kwa makalio, usisukume kwa mdomo!"

Kocha akawageukia wenzangu akasema, "Mmemsikia mama?" Tangu siku hiyo hakuna mazoezi bila hayo maneno. Hakuna kamera iliyokuwepo, na hakuna aliyenilipa.

Kwa Bi Verlie nimeandika kurasa mbili, nikachana. Nimeandika nyingine, fupi. Nimemwambia samahani, na kwamba nilikuwa na njaa na yeye ndiye alikuwa akifungua mlango.

Wako,
Ledell


Pont Breuil, 30 Oktoba

Ledell,

Barua yako ya pili ni barua. Ya kwanza niliwashia jiko.

Yule Bi Hollis amenipigia simu. Anataka uso wangu kwenye chupa yake. Nimemwambia abadilishe kwanza kilichomo ndani, habari ya nje tutazungumza baadaye. Amesema atafikiria. Nimesema afikirie huku anaonja. Kesho yake katuma chupa tatu. Mbili ni sabuni kama ile ya mwanzo, ya tatu inaelekea kuwa chakula. Ozelia anataka awe wakala wangu. Nimekataa, naye ameanza kazi hata hivyo. Jana kamfokea mtu wa Lafayette kwenye simu akae chini.

Sikukuu ya Shukrani uje. Utasimama jikoni kwangu utakoroga, na ukiunguza utaanza upya, hata kama wageni wamekaa mezani. Hiyo Bi unaweza kuiacha, imeshakuchosha.

Verlie


Pont Breuil, 19 Novemba

Mjukuu wangu,

Jana tulitazama mchezo wenu kwa Verlie, kwa kuwa televisheni yake ni kubwa na yangu inaonyesha watu wa kijani. Padri Anselm alikuja na pai. Mwanzo mpaka mapumziko sikuona sura yako, niliona makalio tu, yamejipanga na makalio ya wenzako. Lakini yalikuwa chini, Ledell. Chini kuliko yote. Nikamwambia Padri, yale ya katikati ni yangu, akajifanya anakata pai.

Mtangazaji alimtaja kila mtu. Mrusha mpira, mdaka mpira, hata mbwa wa timu pinzani, jina na umri wake. Wewe ulikuwa unawabeba wenzako mgongoni mchana kutwa na hakuna aliyekutamka.

Mwisho mwisho, mmetangulia kwa pointi chache, kipenga kikalia. Bendera ya njano ikaanguka. Picha ikakuvuta karibu, jasho, majani mdomoni, na mtangazaji akasema kwa sauti ya nchi nzima: "Kosa la kumshika mpinzani. Ni namba sabini na nne, Ledell Guillory, kijana wa Pont Breuil."

Verlie alisimama na magoti yake yale akaanza kupiga makofi.

Nikamvuta nguo. "Verlie, kaa. Ni kosa hilo. Wamerudishwa yadi kumi."

"Nyamaza, Ozelia," akasema, machozi yanamtiririka. "Wamemtaja."

Nikamtazama Padri. Padri akaweka pai chini. Tukasimama sote watatu tukapiga makofi, mpaka wakaanza kucheza tena.

Bibi yako,
Ozelia